Bajeti ya Sukari na Deni la Nyumba

Katika familia nyingi za Dar es Salaam zilizoazimia kumaliza mapema mkopo wa nyumba, yaani deni ambalo benki hulitoa huku ikishikilia hati ya nyumba kama rehani, kampeni ya kubana matumizi huanzia kwenye kopo la sukari. Kijiko cha tatu hupigwa marufuku, maziwa ya chai huongezwa maji kwa kibali cha baba, na mtoto anayethubutu kuomba andazi la pili husomewa hali ya uchumi wa kaya.

Hesabu yenyewe ina kejeli zaidi. Mkopo wa shilingi 50,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ukilipwa kwa miaka 20, hudai takribani shilingi 550,500 kila mwezi, na katika rejesho la kwanza shilingi 500,000 huwa ni riba tupu, huku deni la msingi, ambalo ndilo kiasi hasa kilichokopwa, likipungua kwa kama 50,500 tu. Kwa hiyo shilingi 100,000 za ziada zikilipwa mwanzoni hufuta karibu miezi miwili ya marejesho. Nazo ndizo zile zile zinazopelekwa kwa kamati ya harusi ya binamu wa jirani pasipo kikao wala mjadala, mbali na gharama ya sare, kwa kuwa kukosa kadi ni fedheha. Benki nayo, mkataba ukiruhusu, humtoza ada mdeni anayelipa kabla ya wakati, pengine kama rambirambi ya riba iliyofariki ikiwa bado changa.