Nyumba Inayotembea na Dalali Wake

Mwenye gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani yake, husumbuliwa na swali moja: amwachie muuza magari gari hilo ili apunguziwe bei ya jipya, au atafute mnunuzi yeye mwenyewe? Kaskazini Mashariki ya Kenya swali hilo lina umri mkubwa kuliko injini, kwa kuwa aqal, nyumba ya Wasomali wafugaji inayojengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka, hufumuliwa na kupakiwa juu ya ngamia, chombo kisichodai petroli wala hati ya usajili. Anapouzwa ngamia huyo sokoni Garissa, hujitokeza dalali, mtu wa kati asiyemiliki hata mkia, ambaye kwa desturi ya masoko ya mifugo ya Wasomali hushikana mikono na mnunuzi chini ya kitambaa na kutaja bei kwa vidole, wasiijue watazamaji. Anayemkwepa dalali huokoa ujira wake na kupoteza siku nzima juani akimsifia mnyama kwa wapita njia. Anayemtumia huokoa siku na kupoteza kidole kimoja cha bei. Basi mwenye gari-nyumba asijisumbue kutafuta njia ya tatu: bei hupangwa na asiye na mali, na mwenye mali hupangiwa jua.