Kambi ya Mwaka wa Kuvuka

Katika nyika pana za Serengeti, nyumbu wa ndevu nyeupe walikuwa na ada isiyovunjwa: mvua zikishapita na majani yakinyauka, makundi huelekea kaskazini hadi Mto Mara, na vijana waliotimiza umri huvuka mbele ya kadamnasi, mamba nao wakiwa majini wakingojea riziki yao.

Mkuu wa kundi mojawapo, mzee wa ndevu zilizochanwa vyema, hakufumba jicho kwa ajili ya mvuko huo. Mamba hakuwaogopa sana. Aliwaogopa wakuu wenzake, ambao kila mwaka hukutana chini ya mgunga kuhesabu nani amevusha wangapi, ili ijulikane nani atakaa kivulini na nani atasimama juani.

Basi akapiga kambi. Vijana wa mwaka wa kuvuka wakatengwa na malisho, maana kutafuna hupoteza muda. Wakakatazwa kukimbizana, maana mto hauvukwi kwa mchezo. Wakaamshwa kwale hawajalia, wasilale hadi usiku wa manane. Mchana kutwa walisimama mbele ya korongo kavu wakikariri kwa sauti moja mamba wa miaka iliyopita: kila mmoja jina lake, upande aliolala na idadi ya meno yake. Kila mwezi ulipoandama walipangwa mstari, hodari wa kukariri mbele, na wa nyuma wakazomewa. Wazazi walipoona mbavu za watoto wao zinahesabika walifurahi, wakaambiana, "Mwaka huu wamekaza," wakaongeza na chumvi iwe mchango wa kambi.

Palikuwa na mtoro mmoja, Kikwato. Usiku alijipenyeza hadi kwa Shangazi Punda Milia, mla mabua marefu anayewaachia nyumbu majani mafupi ya chini; huko akala, akalala, na alfajiri akakimbizana na watoto wa swala kabla ya kurudi mstarini. Shangazi hakumpa mawaidha, alimuuliza tu kama ameshiba. Kukariri alikariri pia, kwa kiasi, akili ikiwa bado nyepesi.

Siku ilipowadia mto ulikuwa umefura, na mamba hawakulala upande uliokaririwa. Waliokuwa wakisifiwa waliingia majini wakitaja majina, magoti yakawasaliti; wengine walisinzia wima ukingoni, zamu yao ikapita. Kikwato alizama, akaibuka, akazama tena, akatokea ng'ambo akikohoa.

Chini ya mgunga Mkuu alieleza kwamba vijana wa siku hizi hawana bidii, na kwamba mwakani kambi itaanza mvua zikiwa bado zinanyesha. Kisha akamsimamisha Kikwato mbele ya ndama wapya, awe ushahidi wa matunda ya kambi.

"Mimi nilikuwa nikilala..." akaanza kijana.

Mkuu akamshukuru kwa hotuba fupi, akawaamuru ndama wapige kwato kushangilia, na michango ya chumvi ikaanza kupokewa jioni ile ile.