Mapezi ya Kukodi

Binamu yangu aliye Dubai alikwenda kuteleza kwenye ule ukumbi wa theluji uliofunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates. Kabla ya kumpa ski za kukodi walimpima kama bwana harusi kwa fundi cherehani: namba ya kiatu, urefu, hata uzito. Uzito una sababu yake. Kishikizo cha buti hukazwa kwa kadiri ya mtu, ili akianguka kimwachie mguu kabla goti halijaharibika.

Huku Wete, mkodishaji wa mapezi ya kuogelea hupima kwa jicho, na jicho lenyewe liko kwenye simu.

Tulikuwa tunakwenda Fundo, kile kisiwa chembamba kilichojilaza magharibi ya Wete, ambacho matumbawe yake huwatoa wazamiaji mbali. Bwana yule akapekua kasha, akaibuka na pezi la kushoto namba 46 na la kulia namba 41.

"Lakini rangi moja," akasema.

Mfaransa Louis de Corlieu alipopata hataza ya mapezi mwaka 1933, sidhani alimfikiria mtu wa miguu ya namna hiyo. Nikaulizia yale ya mkanda nyuma, yanayokubali miguu mingi. Yalikuwepo, ila hayo huvaliwa na viatu laini vya mpira, la sivyo mkanda unakula kisigino. Viatu je? Wameondoka navyo wageni wa juzi.

Ikaja zamu ya miwani. Miwani ya kuzamia hujaribiwa bila mkanda: unaiweka usoni, unavuta pumzi kwa pua, ikiganda imekufaa. Ya kwangu ilianguka. Nyingine nayo ikaanguka. Hapo ndipo alipoiacha simu, akanitazama vizuri.

"Yakhe, tatizo masharubu. Hapo ndipo maji yanapopita."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akanipa hiari, mafuta ya kujipaka au wembe. Wembe, alisisitiza, ni bure. Nikachagua mafuta.

Fundo tulifika bamvua limevuta maji yote, mashua ikatia nanga mbali. Mwenye mapezi miguuni hatembei kwenda mbele, atajikwaa, hurudi kinyumenyume. Basi nikawa nakiendea kisiwa kwa kukipa mgongo, pezi moja likinibana vidole, jingine likibaki nyuma kila ninaponyanyua mguu. Bibi mmoja alinipita na yeboyebo zake, chuma mkononi, pweza wawili wakining'inia.

"Mwanangu, unakuja au unaondoka?"

"Nakuja, bibi."

"Haya, karibu." Akayatazama mapezi. "Hayo unalipia kwa siku au kwa mguu?"

Maji yalipojaa niliona samaki wachache, wote wa ndani ya miwani, au ndivyo ilivyonielekea, kwa jinsi ilivyokuwa imejaa. Mafuta yalipanda kwenye kioo, masharubu yakabaki makavu kwa kiburi.

Wakati wa kurudi upepo ukachafuka, mashua ikaanza kunywa maji, na upo wa kufulia ulikuwa umepasuka. Nahodha akanipokonya miwani, akaanza kufua nayo. Haikuvuja hata tone.