Sifa za Fomu 4868

Katika makaratasi yote ambayo dola huyatunga kwa kuwatoa raia wake jasho, sijaona lililo karimu, wala lililonyimwa shukrani, kama Fomu 4868 ya Marekani, ambayo kwa nusu ukurasa wake tu humpa mlipa kodi muhula wa miezi sita, tangu 15 Aprili hata 15 Oktoba, ili apate kuipeleka ritani yake ya kodi ya mapato akiwa na utulivu wa moyo.

Fadhila yake iliyo kuu ni kwamba haiulizi kwa nini. Sisi tuliolelewa pwani twaijua taabu ya muungwana atakaye kuakhirisha jambo: hana budi kumwuguza shangazi aliye mzima wa afya, au kumzika babu aliyekwisha zikwa mara mbili. Fomu hii imemwepusha mja na madhambi hayo yote. Yataka jina, anwani, nambari ya hifadhi ya jamii, makisio ya kodi, kiasi kilichokwisha lipwa na kilichobaki. Udhuru haitaki, wala sahihi. Zamani mambo hayakuwa hivi, kwani muhula usio na maswali ulikuwa wa miezi minne, na aliyetamani miwili zaidi alilazimika kujaza karatasi nyingine, Fomu 2688, na kueleza sababu zake; hata ulipofika mwaka 2006 wakubwa wa kodi wakaitoa yote sita kwa mkupuo mmoja, nami naamini, bila ya ushahidi wowote, kwamba walikuwa wamechoka kusoma habari za mashangazi.

Wako wasemao kwamba inalea ajizi. Na watazame basi mwenendo wa siku yenyewe: sheria ya 1913 iliiweka tarehe 1 Machi, ikasogezwa mpaka 15 Machi, na mwaka 1955 ikahamia 15 Aprili. Ikiwa serikali imejiakhirisha mara mbili, raia ana kosa gani?

Wenye inda huongeza kuwa ni hadaa, kwa sababu huakhirisha kuandika, haiakhirishi kulipa, na riba huanza kuhesabiwa tangu Aprili. Ni kweli, lakini hesabu ina utamu wake. Asiyepeleka ritani wala kuomba muhula, naye anadaiwa, hutozwa asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, mpaka ifike 25. Aliyeipeleka kwa wakati wake lakini hana cha kulipa hutozwa nusu ya asilimia moja tu kwa mwezi. Dola hiyo, basi, humwona aliyenyamaza kuwa mwovu mara kumi kuliko aliyefilisika, na nusu ukurasa ndio umtoao mtu katika kundi la mabubu.

Tena mlipa kodi wa Marekani aishiye ng'ambo, tuseme Mombasa au Unguja, amejaaliwa zaidi: hufikishwa 15 Juni bila ya kuomba, fomu yetu humvusha mpaka Oktoba, na ikiwa risiti bado zimelala sandukuni, ana ruhusa ya kuandika barua kuomba mpaka 15 Desemba. Ila barua hiyo, kinyume cha fomu, yadai sababu. Na kwa sababu, mkaa pwani hajapata kufilisika.