Mafuta ya Kwenda

WANAOZUNGUMZA

BOXER: pikipiki ya bodaboda, mkazi wa Mbande, Temeke.
KOFIA: kofia ngumu mpya, imegawiwa leo mchana.
KIOO: kioo cha kulia cha Boxer. Cha kushoto kiling'olewa zamani ili kupenya kwenye foleni.
GS: pikipiki kubwa ya Kijerumani, mkazi wa Mbezi Beach.

(Bunju, Wilaya ya Kinondoni. Jumapili, saa moja na nusu usiku. Kongamano la bodaboda kuhusu usalama barabarani limekwisha. Jukwaa linabomolewa na mgeni rasmi ameshaondoka kwa ving'ora. Kofia amening'inizwa kwenye kiwiko cha dereva, angali na nailoni yake.)

KOFIA: Shikamooni wakubwa.

KIOO: Marahaba. Wewe ndiye uliyepigwa picha?

KOFIA: Ndiye mimi! Nilikabidhiwa na mgeni rasmi mwenyewe, kwa mikono miwili. Alisema mimi ni mkombozi wa afisa usafirishaji.

BOXER: Afisa usafirishaji ndiye nani?

KIOO: Dereva wako. Siku ya mkutano huitwa afisa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi anarudi kuwa "we boda, njoo hapa".

BOXER: Kofia zilitolewa ngapi?

KOFIA: Kumi.

BOXER: Na pikipiki zilikuwa ngapi uwanjani?

KIOO: Nilihesabu za nyuma yangu tu. Nilipopita mia mbili nikachoka.

KOFIA: Hizo kumi ni za mfano. Alisema huu ni mwanzo tu.

KIOO: Hata mwaka jana ulikuwa mwanzo tu.

(Dereva anapiga kiki. Kijana mmoja anapanda nyuma yake, kisha mwingine anajibana nyuma ya huyo.)

KOFIA: Ngojeni! Hao ni wawili! Nimekaa mezani jukwaani tangu asubuhi, kila hotuba nimeisikia. Pikipiki ziliruhusiwa kubeba abiria kwa malipo mwaka 2009, mwaka 2010 zikatungwa kanuni zake: abiria ni mmoja, dereva na abiria wote wavae kofia, na mtoto chini ya miaka 9 asipakiwe. Zilianza zikiwa mikononi mwa mamlaka ya usafiri, SUMATRA; tangu 2019 ni LATRA. Watu walipiga makofi.

BOXER: Hao wawili walikuwa miongoni mwa wapiga makofi. Huyo wa katikati pikipiki yake tumeiacha hapa Bunju kwa mwenyeji wetu, tangi kavu. Wa mwisho ni katibu wa kijiwe, na aliyekuja naye ameitwa kuusindikiza msafara wa mgeni rasmi. Kutoka hapa hadi Mbande ni kuvuka jiji zima, kutoka njia ya Bagamoyo hadi ng'ambo ya Mbagala. Saa hizi watembee?

KOFIA: Tangi kavu tena? Si mligawiwa mafuta?

BOXER: Tuligawiwa asubuhi pale Rangi Tatu, kwa kuponi. Lita moja moja. Mimi nikienda kistaarabu, lita moja hunipeleka kilomita hamsini na kitu. Ndiyo Mbande hadi hapa, basi. Na tulipofika tukaamriwa tuzunguke uwanja huku tukipiga resi ili mgeni rasmi aone hamasa.

KOFIA: Na ya kurudia?

KIOO: Mwanangu, msafara unaoingia una wapiga picha. Umeshawahi kuona gazeti limeweka picha ya msafara unaotoka?

(Tegeta Kibaoni. Foleni imesimama, malori na daladala vumbi tupu. Pikipiki kubwa yenye masanduku ya chuma pembeni inasimama ubavuni mwa Boxer, injini ikinguruma taratibu.)

GS: Mdogo wangu, taa yako vipi? Inamulika mawingu.

BOXER: Shikamoo kaka. Nimekalisha watatu. Mkia umeshuka, pua imepanda. Barabara naiona kwa taa za wenzangu.

GS: Marahaba. Mimi niko nyuma yenu tangu Boko. Nilimwona mzee mmoja ananitabasamia gizani. Dereva wako sikumwona kabisa.

KIOO: Huyo mzee ni mgeni rasmi. Amechapishwa kwenye kizibao cha kuakisi mwanga tulichopewa leo. Utepe unaong'aa ulipita mgongoni, na uso wa mheshimiwa nao ukatakiwa kukaa mgongoni. Unajua nani alimpisha mwenzake.

GS: Nasi tumetoka kwenye mkutano wetu Bagamoyo. Tulikula samaki, tukazungumza habari za matairi, tukarudi.

BOXER: Samahani kaka, wewe una cc ngapi?

GS: 1,254.

BOXER: Mimi 125. Yaani nikizidishwa mara kumi nakuwa wewe, na chenji inabaki. Na unaishia wapi?

GS: Mbezi Beach, hapo mbele tu.

KIOO: Mwenye cc nyingi anakaa karibu. Mungu fundi.

KOFIA: Mkuu, nina swali. Kofia yako huvaliwa?

GS: Kila safari.

KOFIA: Kichwani?

GS: Sasa ingevaliwa wapi? Dereva wangu akianguka ana kinga ya bega, kiwiko, goti na uti wa mgongo. Mdogo wangu, usinielewe vibaya, lakini koti lake, buti zake na kofia yake ukijumlisha unapata bei yako.

BOXER: Sijaelewa vibaya. Tajiri wangu alininunua kwa mkataba: dereva analeta hesabu ya Sh 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, miezi kumi na minane, ndipo niwe wake. Akimaliza atakuwa amelipa karibu pikipiki mbili, na mimi mwenyewe nitakuwa nimebaki nusu.

GS: Na mkutano wenu mmeuweka Jumapili?

BOXER: Ndiyo siku pekee ambayo kinachopatikana ni chake. Leo ameshinda juani anafundishwa asikimbilie hela. Kiuno changu mpaka sasa hakijakaliwa na hata abiria mmoja wa kulipa.

GS: Nyinyi mnaondokaje mkutanoni? Sisi kuna kiongozi wa msafara mbele, na nyuma kabisa kuna wa kufunga msafara. Huyo hampiti mtu. Mwenzetu akipata pancha, anasimama naye. Na kila mmoja akifika kwake anaandika kwenye kundi: nimefika.

KIOO: Na asiyeandika?

GS: Anapigiwa simu. Asipopokea, watu wanageuza kwenda kumtafuta.

BOXER: Hata kwetu asiyefika hutafutwa. Tajiri ndiye wa kwanza, na anamtafuta kwa namba ya pikipiki.

KIOO: Lakini kaka, nanyi msijipake mafuta. Nilikuona unavyokuja. Boko pale kuna kibao cha 50.

GS: Kibao nilikiona... kwa ufupi. Dereva wangu ana koti zuri, linampa moyo. Tulikuwa kwenye 140.

KIOO: Trafiki alisemaje?

GS: Aliomba apige picha na mimi.

(Foleni inafunguka. GS anapinda kuelekea Mbezi Beach. Boxer anaendelea: Lugalo, Mwenge, Sam Nujoma, anapita makutano ya Ubungo na kuingia Mandela.)

KOFIA: Yule kaka ana heshima. Na habari za kundi lake zinafanana na zile za hotubani. Daktari alisema kofia ikivaliwa inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Zilikusanywa tafiti za nchi mbalimbali.

KIOO: Basi kiwiko cha dereva wetu kiko salama kwa asilimia 69.

KOFIA: Kwa nini hanivai?

BOXER: Nailoni. Akiitoa unakuwa kofia iliyotumika, na iliyotumika haina bei. Abiria nao ndiyo usiwaambie. Mama aliyesuka leo anaitazama kofia iliyotoka kwenye jasho la mtu mwingine, anaishika kwa vidole viwili, anampa mwanawe achezee.

KOFIA: Lakini walikubali wote! Waliinua mikono!

BOXER: Mikono ilikuwa mitupu, rahisi kuinua. Kofia, hawa si wajinga. Sheria wanaijua kuliko wewe, maana wewe umeisikia leo na wao wanatozwa kwayo kila wiki. Ila mwendo wa 50 una gharama yake: ni vichwa viwili vitatu unavyovikosa kabla ya giza. Kukataa kubeba mishikaki ya abiria kuna gharama. Kulala Bunju mpaka asubuhi kuna gharama. Jukwaani walitaja ajali zote, hawakutaja hesabu ya tajiri hata mara moja.

KIOO: Matajiri walikaa safu ya mbele. Ungetaka watajwe wakati wanakula pilau?

(Karibu na Buguruni. Mbele kunaonekana nguo nyeupe za trafiki. Boxer anasimama ghafla gizani. Abiria wawili wanashuka na kuanza kutembea kwa miguu kama watu waliotoka kanisani. Dereva anamvaa Kofia na nailoni yake, bila kufunga mkanda.)

KOFIA: Ananivaa! Jamani, ananivaa! Ana kichwa cha moto! Kioo, unaniona?

KIOO: Naona nyuma tu. Lakini hongera.

(Wanampita trafiki kwa mwendo wa harusi. Mita mia moja mbele wanasimama. Kofia anavuliwa, anarudi kwenye kiwiko. Abiria wanawasili kwa miguu na kupanda.)

KOFIA: Mbona mapema hivyo?

BOXER: Usilie. Umeokoa faini ya Sh 10,000. Zamani ilikuwa 30,000 kwetu na kwa basi la abiria sitini, sawasawa. Bajeti ya 2021 ndiyo iliyotuonea huruma.

KOFIA: Kwa hiyo faini ni sawa na hesabu ya siku?

BOXER: Ndiyo hiyo hiyo. Trafiki mmoja, tajiri mmoja. Dereva anafanyia kazi watu wawili, na wa tatu ni tumbo.

(TAZARA, kisha Uhasibu, kisha Barabara ya Kilwa. Saa nne kasoro. Abiria wa katikati amesinzia, kichwa chake kinagonga mgongo wa dereva.)

KIOO: Wewe Kofia ni mgeni, ngoja nikwambie. Sisi tuna mikutano ya aina mbili inayojaza pikipiki. Huu wa leo, na maziko. Mwenzetu akifa, vijiwe vyote vinafunga kazi, tunamsindikiza kwa honi na eksozi za kulipuka, wengine wamesimama juu ya siti. Mwezi jana tulimsindikiza mmoja aliyegongwa usiku. Tulipotoka makaburini, wawili wakagongana wakishindana kuwahi kijiweni. Hao wamelala Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili.

KOFIA: Aliyekufa alikuwa anatoka wapi?

KIOO: Semina.

(Mtoni kwa Azizi Ally. Boxer anakohoa mara tatu na kuzimika. Dereva anamlaza ubavu, anamtikisa ili matone yaliyobaki pembeni mwa tangi yashuke kwenye kabureta, anamwinua na kupiga kiki. Boxer anawaka, anatembea mita hamsini, anazimika tena.)

BOXER: Hapo nimetoa hata ya akiba. Sasa ni kusukumwa.

KOFIA: Watatusaidia. Mgeni rasmi alisema sisi ni familia moja.

KIOO: Piga simu kwa familia basi.

(Katibu wa kijiwe anajipapasa mifukoni: ana Sh 700 na ratiba ya kongamano. Wanasukuma hadi kwenye kijiwe kilicho chini ya taa ya duka. Mwenyekiti wa kijiwe hicho anamtazama Kofia, anamgeuza, anabonyeza nailoni, anagonga kwa kucha. Mazungumzo ni mafupi. Noti zinabadilishana mikono.)

KOFIA: Nini kinaendelea? Kioo, wamesemaje?

KIOO: Ameanza na 15,000, amekubali 8,000.

KOFIA: Nimeuzwa? Mimi? Niliyekabidhiwa kwa mikono miwili?

BOXER: Pole mdogo wangu. Umetufaa sana.

KOFIA: Huyu mwenyekiti atanivaa?

KIOO: Hapana. Ila umepata bahati kuliko ndugu zako tisa. Nimesikia atakuning'iniza hapa kijiweni. Kila dereva anayekwenda upande wa trafiki atakukodi kwa jero, akivuka anakurudisha na mwenzake anayekuja huku.

KOFIA: Kwa hiyo... nitavaliwa kila siku?

KIOO: Mara ishirini kwa siku. Mita mia mia.

KOFIA: Waambieni nyumbani nimepata kazi!

(Muuza mafuta wa pembeni analeta chupa mbili za maji zilizojaa petroli. Boxer anamiminiwa, anawashwa. Watatu wanapanda kama walivyokuwa.)

KIOO: Mwakani kwenye kongamano atasimama mtu auleze umma kofia zile kumi zilifanya nini. Yetu tunaijua: imezaa lita mbili na nusu.

BOXER: Lita mbili. Nusu imebaki kwenye kipimo cha muuzaji.

KIOO: Basi andika mbili. Na kiuno chako kikaze, kutoka Rangi Tatu kwenda Chamazi kuna mashimo.