Namna ya Kuiuguza Kompyuta Inayoganda Bila Kuifungua Kifuniko

Kompyuta ya gemu haigandi ovyo. Hungoja. Itakuacha uiwashe, upakie PES 2013, uchague ile timu uliyoifuta jina la Kizungu ukaiita Shabana FC, uongoze bao moja hadi dakika ya 88; ndipo picha isimame tuli, mtangazaji akwame kwenye silabi moja airudierudie, na kipanya kigome. Usipige meza ngumi. Shabana yenyewe, ile halisi ya Gusii Stadium, ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2006 na kurudi 2023, na mashabiki wake wa Tore Bobe bado wako hai.

Mwongozo huu ni wa vijana wa Kisii na Nyamira wanaotaka kulishughulikia tatizo hili kwa utaratibu unaokubalika katika jamii. Lengo si kompyuta ipone. Lengo ni kila mtu apate nafasi ya kuitibu.

Kwanza ijue mashine yako. Kama uliinunua Kisii mjini kwa bei uliyoweza kuitaja mbele ya baba, hiyo ni ex-UK: Dell OptiPlex au HP Compaq nyembamba, iliyofanya kazi ya ofisi Uingereza hadi ikastaafu, kisha ikapandishwa meli. Chukua mfano wa OptiPlex 3020 ile ndogo. Pawa saplai yake ni ya wati 255, na feni yake ilipimwa kwa kazi ya mtu anayeandika barua mbili akaenda kunywa chai. Wewe unaitaka iendeshe GTA V usiku kucha. Muuzaji alikuapia kwamba ni Core i5 na itabeba gemu yoyote. Ile nusu ya kwanza ilikuwa kweli.

Sasa iweke mahali pake, yaani sebuleni, kati ya televisheni na ukuta, chini ya kitambaa. Katika nyumba yenye heshima huku kwetu kila kitu huvalishwa kitambaa cha krosheti: viti, meza, redio, friji. Kompyuta haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni. Kitambaa kishuke mbele kidogo, kifunike matundu yanayovuta hewa. Juu yake mkalishe tembo wa mawe ya Tabaka, yule mzito, ili kitambaa kisipeperuke. Nyuma, isukume kesi mpaka iguse ukuta. Huko ndiko hewa ya moto hutokea, na hakuna haja ya kuisambaza nyumbani.

Prosesa za Intel za rika hilo zikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza mwendo zenyewe zisije zikaungua. Ndiyo maana gemu huanza vizuri, baada ya muda ikawa nzito, na mwisho ikasimama. Akitokea mtu wa kukueleza hivyo, mjibu kwamba Kisii kuna baridi. Na kweli ipo. Ila mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Baridi ya Nyamira inaweza kulifidia hilo. Kitambaa cha mama hakifidiwi na kitu.

Ndani ya kesi nako kuna mambo. Vumbi jekundu la Januari, moshi wa jikoni, na kama mashine iliwahi kutumikia saiba iliyopakana na kibanda cha chipsi, mvuke wa mafuta: hivyo vitatu vikikutana kwenye mapezi ya kipoza joto hushikamana vikawa utando ambao feni haiupenyi. Ukishauriwa kupuliza, usinunue brashi ya rangi ya bei ndogo. Ipeleke kompyuta kwa kijana wa panja pale stejini. Kompresa yake hujaza tairi za lori, hutema na matone ya maji, na huzungusha feni kwa kasi ambayo aliyeiunda hakuiota. Feni ikianza kuipita boda kwa kelele, jua imesafishika.

Hatua inayofuata ni kuita baraza. Mwanachama wa kudumu ni binamu aliyesoma pakeji baada ya kidato cha nne. Huyu anaijua Word, anaijua Excel, na anajua kwamba kila kinachoganda kina virusi. Ataweka antivairasi ya pili juu ya ile ya kwanza, na hizo mbili zitaanza kuchunguzana huku gemu ikisubiri zimalize. Mjomba naye atasema tatizo ni gemu zenyewe, na angekuwa yeye angeitumia kompyuta kujaza fomu za kazi. Mpe chai. Hoja yake haina jibu.

Kisha fundi.

Fundi haulizi kompyuta inaganda lini, ikifanya nini, imeanza lini, wala kama kuna kilichobadilishwa siku za karibuni. Maswali hayo ni ya daktari. Fundi anaiwasha, anaitazama bila kusema, anatikisa kichwa: "Bosi, hii ni Windows imechoka." Dawa yake ni moja tangu nimjue: kupiga Windows upya. Mtu wa Keroka ana bahati ya pekee, maana mpaka wa kaunti umepita katikati ya mji wake. Anaweza kupigiwa Windows Kisii asubuhi na Nyamira jioni, na kila fundi amlaumu yule wa ng'ambo. Atawekewa Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kama nyota yake ni njema atapewa ile ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 za ramu hata ukiijazia 16. Picha za harusi ya dada zilikuwa kwenye diski. Zilikuwa.

Safari ya kwenda kwa fundi ni sehemu ya tiba. Ipakate kompyuta kwenye matatu, kiti cha nyuma kabisa, upande wenye springi iliyokufa. Kila tuta litakalopigwa litailegeza ramu kwenye nafasi yake. Fundi mwenye uzoefu ataichomoa, aisugue meno yake kwa raba ya penseli, airudishe kwa kishindo, na mashine itapona kwa wiki moja. Nakiri kwamba raba hufanya kazi. Huondoa kutu nyembamba iliyoletwa na unyevunyevu wa huku. Ila usimwache aseme hivyo waziwazi, kwa sababu risiti imeandikwa "kupiga Windows".

Halafu kuna muujiza wa meza ya fundi. Pale kibandani gemu inacheza saa nzima bila kukohoa. Unalipa, unaridhika, unafika nyumbani, na dakika ya 88 ni ileile. Kwa fundi kesi ilikuwa wazi, juu ya meza tupu, mlangoni kwenye upepo. Nyumbani imerudi kwa tembo wake. Mtu mwenye haraka angeona hapo jibu limejianika. Wewe sema: "Shida ni stima ya kwetu."

Na stima ya kwetu inastahili lawama zake, tusiionee huruma. Tangu mwaka 2015 ulipoanza mradi wa kuwaunganisha wanaoishi ndani ya mita 600 kutoka transfoma, nyumba nyingi vijijini zimepata taa. Saa mbili usiku kila televisheni ikiwa imewashwa, na posho mili ya jirani ikianza kunguruma, balbu hunywea na zile volti 240 zinabaki za kwenye karatasi. Kuna kanuni ndogo ambayo sipaswi kuitoa katika mwongozo wa aina hii: kompyuta ikizima ghafla na kujiwasha yenyewe, anza kuushuku umeme na pawa saplai; ikibaki inawaka lakini picha imesimama, anza na joto, ramu, diski au draiva ya grafiki. Umeshaisoma, basi isahau. Chomeka kompyuta kwenye frijigadi. Kifaa hicho hukata stima ikiyumba na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha, jambo jema kwa kompresa ya friji na msiba kwa mtu aliyebakiza dakika mbili.

Binamu akishagundua Event Viewer, atakuja mbio na alama nyekundu ya Kernel-Power 41, akitangaza kwamba ugonjwa umepatikana. Alama hiyo inasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Mara nyingi aliyeizima ni wewe, ulipokishikilia kitufe kwa hasira baada ya bao kupotea.

Radi ni habari nyingine. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi ikishuka alasiri na ngurumo zake, kwa kuwa unyevu wa Ziwa Viktoria ukipandishwa na milima yetu hauna pa kwenda ila juu. Hapo natania kidogo tu: wingu likijikusanya, chomoa waya ukutani, na wa intaneti pia. Ekstensheni ya mia tano haijawahi kuizuia radi.

Baada ya hayo nunua vipuri, bila kupima. Kadi halisi ya GTX 1050 Ti inakula wati 75, na nyingi za aina hiyo zinapata umeme wote kwenye nafasi ya madabodi, kwa hiyo zingeweza kukufaa. Nunua isiyo halisi. Zimejaa sokoni kadi za kale za GTS 450 zilizopewa jina jipya. Zinajitambulisha kwa Windows kwa ujasiri, halafu draiva ikiwekwa zinaanguka. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, huziandikia FAKE palepale kwenye jina, ndiyo sababu muuzaji hataki uiweke kabla ya kulipa. Pawa saplai nayo nunua ya kawaida. Ukifika nyumbani utagundua kwamba plagi ya OptiPlex 3020 ina pini nane ilhali yako ina 24, na utapanda matatu tena kutafuta adapta.

Wapo watu wa ajabu wasiofuata utaratibu huu. Wanachomoa waya, wanafungua kifuniko, wanagusa chuma kwanza kuondoa umeme tuli, wanasafisha vumbi kwa brashi huku kidole kikiishika feni isizunguke. Wanafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka tone jipya. Wanasoma joto kwa HWMonitor wakicheza, wanaiacha MemTest86 ipime ramu usiku mzima, wanaitazama afya ya diski kwa CrystalDiskInfo. Ubaya wao mkubwa ni kubadilisha kitu kimoja, kukijaribu, kisha kingine. Kwa hiyo jambo likitengemaa wanajua ni nini kilichotengemaza, na jioni hawana la kuzungumza na mtu yeyote.

Kwenu itapona kwa njia nyingine. Desemba inakaribia, wageni wanatoka Nairobi, na mama anakusanya vitambaa vyote vya nyumba avifue. Tembo anahamishiwa dirishani. Kompyuta inasogezwa mbali na ukuta ili pafagiliwe, na hakuna anayekumbuka kuirudisha. Siku mbili nzima gemu inakwenda bila kukwama. Shabana inachukua ligi na kombe. Fundi anasema ni ile Windows. Binamu anasema ni antivairasi, mama anasema aliiombea, na mjomba anasema sasa hakuna kisingizio kuhusu zile fomu.

Tarehe 24 vitambaa vinakauka, vimepigwa pasi na wanga, na kila kimoja kinarudishwa mahali pake. Mpigie fundi mapema. Krismasi huwa ana foleni.