Baridi ya Kwenye Luninga

Shangazi yangu wa Mbagala ana huruma sana, na huruma yake yote inatoka kwenye luninga. Kila ikifika Juni, akimwona mtangazaji wa hali ya hewa ananyoosha kidole kwenye ile kona ya ramani na kusema Sumbawanga nyuzi joto 10, anashika simu. "Mwanangu, watoto wamevaa masweta?"

Muda huo mimi niko Mtowisa, kifua wazi, najipepea na kipande cha boksi, na hao watoto wa masweta wanagombea kivuli cha mwembe na mbuzi. Nimeshamweleza mara nyingi kwamba Sumbawanga mjini iko juu Ufipa, sisi tuko chini bondeni liliko Ziwa Rukwa, na katikati pamesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Unatoka Ntendo na koti mwilini, unafika Muze umelibeba mkononi. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Lakini wametangaza, baba." Hapo nakosa la kujibu. Mimi nahisi jasho tu, mwenzangu ana ramani ya rangi.

Sisemi luninga ni kitu kibaya. Tuliisubiri sana. Wazanzibari walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 70, wakati sisi wa Bara tunabana redio sikioni kusikiliza RTD. Mpaka 1994 ndipo ITV ikaanza Dar es Salaam, na ya taifa ikaja baadaye kabisa, ikaitwa TVT, sasa ni TBC. Mtambo wa analojia ulipozimwa Dar usiku wa kuamkia 2013, wenzetu walilia chogo zao zimekuwa makabati. Huku nyuma ya mlima wengi hatukuwa na cha kuzimiwa. Aliyekuwa na luninga alikuwa na ungo, na aliyekuwa na ungo alikuwa na wageni.

Halafu ikaja 2018. Ikaonekana vile ving'amuzi vya kulipia havina leseni ya kubeba chaneli za ndani za kutazamwa bure, basi zikaondolewa. Sheria ni sheria. Ila kuzipata za bure ilibidi uwe na king'amuzi cha antena, na antena inataka mnara, na mnara uko juu kwenye baridi ya shangazi. Kwa hiyo chaneli ya bure ndiyo ikawa ghali kuliko zote: haikupatikana hata kwa hela. Mpaka ziliporudi, hapa kijijini tulikuwa tunajua mambo ya masultani wa Uturuki kuliko ya waziri wa kilimo. Na hao masultani, tusidanganyane, wanaongea Kiswahili kilichonyooka. Mke wangu ameanza kuniita "mtukufu" anapotaka hela ya kifurushi.

Sasa zimerudi, na tunaonyeshwa nini? Foleni. Mimi hapa sijawahi kukaa Ubungo hata wiki moja, lakini nalijua Daraja la Kijazi kama nilimwaga zege mwenyewe, na najua siku ikinyesha Jangwani panapitika au hapapitiki. Foleni yetu sisi ni ng'ombe wa Wasukuma wakivuka barabara, na fuso la mpunga lililonasa mlimani wakati wa masika mpaka abiria wakapika ugali hapo hapo. Hiyo haijatangazwa. Bei ya ufuta nayo haitangazwi mpaka walanguzi wawe wameshapita.

Tukionekana kwenye luninga, ujue kuna mchawi. Mchekeshaji akitaka kumtisha mwenzake anatoa macho, anasema ametoka Sumbawanga, watu wanaanguka kwa kicheko. Mkoa mzima wa Rukwa, watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa sensa ya 2022, walimu, manesi, wakulima wanaolisha nchi mahindi, kwenye luninga wote ni babu mmoja mwenye kibuyu. Oktoba 2020 Tanzania Prisons waliifunga Simba bao moja kwa bila pale uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Mpira halali, mashuti halali. Kwenye kibanda umiza chetu kijana mmoja wa kuja akauliza kwa sauti ya chini kama kipa wa Simba alikuwa anaona mpira mmoja au miwili.

Nimesoma kwamba huko Scotland nako wananung'unika, nikawaonea wivu hata manung'uniko yao. Mwaka 2008 Baraza la BBC lilichapisha uchunguzi wa Profesa Anthony King, na ikaonekana habari za hospitali na shule zinazotangazwa kwa nchi nzima kutoka London zilikuwa za England tu, wakati Scotland inaendesha hospitali na shule zake yenyewe. Haya, mateso hayo nayajua. Lakini ndugu zangu hao wana STV, kituo cha biashara, tangu 1957! Mwaka huo huo wa 2008 wakafunguliwa BBC Alba, ya Kigaeli, lugha yenye wazungumzaji wasiofika laki moja. Mwaka 2019 wakaongezewa chaneli nyingine ya BBC Scotland. Bado wananuna. Sisi kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, na Kifipa kinabaki kwenye misiba na kugombeza watoto.

Si kwamba kamera haijawahi kufika. Ilifika, imefuatana na mgeni rasmi wa mradi wa maji, na jioni kibanda umiza kikajaa mpaka mwenye kibanda akatoza kiingilio cha taarifa ya habari kwa bei ya mechi. Tulipewa kama nusu dakika: bomba linafunguliwa, mama anacheka, na kisogo cha baba mkwe wangu na kofia yake kimesimama mbele ya kamera mwanzo hadi mwisho. Chini wameandika kwa herufi kubwa: MTOWISA, KATAVI.

Kelele zilizopigwa pale zilitosha kufika Katavi yenyewe. Mzee hakujali. Anachodai mpaka leo ni kwamba waje tena wampige picha upande wa mbele, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, barua nimekabidhiwa mimi. Nimeshaiandika. Tumebaki tunabishana kwenye anwani tu: mimi nataka Rukwa, yeye anasema tuweke Katavi, wasije wakapotea njia.